Uzi: Sumukuvu, homa ya ini B na kumbukumbu iliyomo kwenye albumini – walichokikuta watafiti Makueni mwaka 2004

Mchunguzi wa Sampuli (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita humu ndani palikuwa na mjadala juu ya mzee aliyepimwa ini, akaambiwa majibu ni mazuri, na miezi minne baadaye akakutwa na saratani ya ini iliyokwisha kuenea. Wachangiaji wengi walimaliza kwa kuilaumu maabara. Mimi ni mteknolojia wa maabara, huu ni mwaka wa kumi na nne nimekaa kwenye benchi, na ningependa kueleza kwa nini majibu yale yangeweza kuwa sahihi kabisa na mzee akawa mgonjwa vilevile. Nitapitia tukio moja lililochunguzwa kwa kina katika ukanda wetu, nalo ni vifo vya Makueni na Kitui nchini Kenya mwaka 2004, kwa kuwa ni nadra sana ini la mkulima wa kawaida wa Afrika Mashariki kusomwa kwa makini kiasi kile.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kile ambacho kwenye karatasi ya majibu huandikwa kuwa ni kipimo cha utendaji wa ini, sehemu yake kubwa haipimi utendaji. ALT na AST ni vimeng'enya ambavyo makao yake ni ndani ya seli, na vikionekana kwa wingi kwenye damu maana yake ni kwamba seli zimejeruhiwa na yaliyomo yanamwagika. Tangu vianze kutumika hospitalini katikati ya miaka ya 1950 vimeokoa watu wengi, sivibezi hata kidogo, lakini vinachohesabu ni majeraha ya siku hizi. Mwenye kuona maji sakafuni anajua mtungi unavuja, ila mtungi uliokwisha kukauka nao hauloweshi sakafu. Ini lililojaa makovu linaweza kuwa limebakiwa na seli chache mno za kuvuja, na uvimbe unaokua taratibu pembeni mwa nyama nzima ya ini unaweza usimwage chochote cha kuonekana.

Juu ya hayo, ini lina akiba kubwa kupita kiasi. Mwaka 1931 watafiti wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, waliwakata panya theluthi mbili za ini, na katika muda usiozidi wiki mbili uzito wake ukawa umekaribia kurudi ulipokuwa. Kiungo chenye uwezo huo kinaweza kuumizwa kwa miaka mingi bila mwenyewe kuhisi, hasa kwa kuwa nyama yake ya ndani haina mishipa ya fahamu ya maumivu. Kinachouma ni utando wa nje ukivutwa na uvimbe.

Sasa twende Makueni. Kati ya Januari na Juni 2004, watu walianza kufika hospitalini katika wilaya za Makueni na Kitui wakiwa na macho ya manjano, matumbo yamejaa, na wengine wakafa ndani ya siku chache. Maofisa wa afya walikuwa na sababu ya kuyatazama mahindi kwa jicho la wasiwasi mapema, kwani mwaka 1981 huko Machakos wagonjwa 20 walilazwa na dalili za namna hiyohiyo na 12 kati yao walifariki, na chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini. Mahindi ya mwaka 2004 yalipopelekwa maabara, sampuli mojawapo ilikutwa na mikrogramu 4,400 za sumu hiyo kwa kila kilo, wakati kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati ule kilikuwa 20. Kufikia mwisho walihesabiwa wagonjwa 317 na vifo 125.

Hadi hapo ni taarifa ya mlipuko kama nyingine. Kilichonifanya niandike ni hatua iliyofuata. Watafiti walichagua wagonjwa 40, kisha wakachagua kwa bahati nasibu watu 80 wasiougua ili kulinganisha, wakawahoji wote, wakachukua mahindi ya nyumbani kwao na damu yao. Hawakuridhika na gunia pekee, walitaka kujua sumu iliyoingia mwilini mwa kila mtu. Sumu yenyewe hutoka mwilini haraka, lakini kabla ya kutoka huacha alama. Ini ndilo linalotengeneza albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye majimaji ya damu, na sumukuvu ikishavunjwavunjwa ndani ya ini, kipande chake hujishikiza kwenye asidi amino iitwayo laisini iliyomo ndani ya albumini. Nusu ya maisha ya albumini ni kama siku 20. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa ameshamaliza gunia lile, ameshasahau alilinunua soko gani, lakini damu yake bado inahifadhi habari za ugali wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Ilikuwa mara ya kwanza alama za namna hiyo kupimwa katika mlipuko wa sumu kali ya aflatoksini.

Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa mikrogramu 354 kwa kilo, na ya nyumba za watu wa kulinganisha 44 (huu ni wastani uliokokotolewa kwa namna isiyovutwa na gunia moja baya). Someni tena hiyo namba ya pili, wakuu. Watu waliokuwa wazima, waliochaguliwa kama mfano wa uzima, nao walikuwa wakila zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sheria.

Na kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kiini cha uzi huu. Wagonjwa asilimia 44 walikutwa na antijeni ya uso ya kirusi cha homa ya ini B kwenye damu, yaani protini ya nje ya kirusi hicho inayoonyesha kwamba kimo mwilini, wakati kwa watu wa kulinganisha ilikuwa asilimia 7. Maana yake nitaieleza nikishaona maswali yenu.

---

Mama Tumu wa Kongwa

Nashukuru sana kwa elimu hii, mwanangu. Mimi ni mkulima, na swali langu ni la mtu wa shamba. Mahindi yenye ukungu tumeyala tangu utotoni, hasa miaka ya njaa, na mama yangu alikuwa akiyachambua yale meusi anayatenga kwa ajili ya kuku na pombe, yaliyobaki tunasaga. Hatukufa. Je, mnatuambia kwamba wale wa Makueni walikula kitu ambacho sisi hatukukila, au ni kwamba sisi tulikuwa na bahati tu?

---

Mchunguzi wa Sampuli

Mama, swali lako ndilo walilojiuliza watafiti kwa miaka zaidi ya arobaini, na mama yako alikuwa akifanya jambo la maana kuliko alivyojua, kwa sababu sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Punje chache zilizovunjika au zilizotobolewa na wadudu ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu yote. Tatizo ni hao kuku na hiyo pombe, maana sumu haikupotea, ilibadilisha mlango wa kuingilia tu. Ng'ombe akilishwa pumba chafu, maziwa yake nayo hutoka na sumu iliyobadilika umbo kidogo.

Habari ya sumu hii kujulikana ilianza kwa ndege, si kwa watu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa, yaliyokuwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Aina hatari kuliko zote ikaitwa B1, na hiyo B ni kwa sababu ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno hung'aa rangi ya buluu. Haina ladha, haina harufu, na moto wa jikoni hauiwezi. Ugali uliopikwa ukaiva vizuri unabaki na sehemu kubwa ya sumu yake.

Sasa kwa nini hamkufa? Sumu ikiwa nyingi mno kwa muda mfupi, ini hufa kwa mkupuo, na hayo ndiyo ya Makueni. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, njia ni nyingine. Ndani ya seli za ini kuna kundi la vimeng'enya liitwalo P450 ambalo kazi yake ni kuvigeuza vitu vigeni ili viweze kutolewa nje. Aflatoksini B1 ikifika hapo hugeuzwa kuwa kitu kikali zaidi kuliko ilivyoingia, kiitwacho epoksaidi. Kwa lugha nyepesi, sumu inanolewa na kiungo kilekile kilichokuwa kinajaribu kuitoa. Hapo kuna mashindano: kitu kiitwacho glutathioni kikiwahi, huikamata epoksaidi na kuisindikiza nje; kikichelewa, epoksaidi hujibandika kwenye DNA, mahali penye herufi ya guanini, na seli ikigawanyika kabla ya kutengeneza pale palipoharibika, kosa linaandikwa moja kwa moja. Panya wadogo wa nyumbani wana kimeng'enya chenye nguvu sana cha kuunganisha glutathioni, na ndiyo maana sumu hii haiwasumbui sana, wakati panya wakubwa wa maabara hupata saratani kwa dozi ndogo. Binadamu kwa bahati mbaya hana ulinzi wa yule mdogo.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likitumia uvimbe wa wagonjwa wa Qidong nchini China na lingine wa kusini mwa Afrika, yalikuta kosa lilelile mahali palepale: kwenye jeni ya p53, ambayo huizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika, kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) ya 249, guanini imegeuka kuwa thaimini. Katika nchi ambazo chakula hakina sumukuvu, kosa hilo ni nadra kwenye saratani ya ini. Ni mara chache sana katika saratani mtu kuuona uvimbe na kusema, huu uliletwa na nini. Baadaye kosa hilohilo lilikutwa likielea katika damu ya wagonjwa nchini Gambia bila hata kulikata ini.

---

Daktari wa Zamu

Mwanzisha uzi ameeleza vizuri, ila niruhusiwe kurekebisha jambo moja na kupinga kidogo jingine.

La kurekebisha ni kwamba msomaji asije akatoka hapa akidhani hakuna kipimo kinachoonyesha utendaji wa kweli. Albumini yenyewe ni mojawapo, kwa kuwa ini likishindwa kuitengeneza hupungua, ingawa hupungua polepole kutokana na hizo siku 20 alizozitaja, na pia hupungua kwa utapiamlo au kwa figo inayovuja. Kipimo cha haraka zaidi ni muda wa damu kuganda. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu, na mojawapo, ile ya saba, nusu ya maisha yake ni saa chache tu. Mgonjwa akija na macho ya manjano, mimi naangalia kwanza kama amechanganyikiwa akili na kama damu yake inachelewa kuganda, kabla hata ya kuuliza ALT ni ngapi. Nimewahi kumwona kijana ambaye ALT yake ilishuka kutoka maelfu hadi mamia ndani ya siku tatu, ndugu zake wakafurahi, wakati muda wa kuganda damu ulikuwa ukizidi kurefuka. Zilikuwa zimekwisha seli za kuvuja. Mtungi wako, ndugu, ulikuwa umekauka.

La kupinga ni hizo asilimia 44. Wagonjwa ni 40. Na wale waliopimwa ni waliofikiwa wakiwa na uwezo wa kushiriki, si wote waliougua. Je, kirusi kilikuwa kimewatangulia na kulidhoofisha ini, au kuna jambo jingine linalofanya watu hao wawe na vyote viwili, kwa mfano umaskini wa kaya? Mimi nisingejenga ghorofa juu ya namba hiyo peke yake.

---

Mchunguzi wa Sampuli

Nakubali pingamizi lako, Daktari, na nakubali kwamba kwa namba ya Makueni peke yake tusingefika mbali. Ndiyo maana inabidi kwenda Shanghai.

Huko watafiti waliwaandikisha wanaume 18,244 wakiwa wazima, wakachukua damu na mkojo wao, wakavigandisha, kisha wakasubiri. Uzuri wa mpango huo ni kwamba kipimo kilichukuliwa kabla ya ugonjwa, hivyo hakuna anayeweza kusema kwamba ugonjwa ndio uliobadilisha damu. Waliopata saratani ya ini walipojitokeza, sampuli zao za zamani zilitolewa kwenye majokofu zikalinganishwa na za wenzao waliobaki wazima. Ukimlinganisha na asiye na sumu wala kirusi, mwenye alama za aflatoksini kwenye mkojo bila kirusi alikuwa na hatari ya mara 3.4. Mwenye kirusi cha homa ya ini B bila alama za sumu, mara 7.3. Mwenye vyote viwili, mara 59.4.

Ukizijumlisha hizo mbili za kwanza unapata kama 11. Ukizizidisha unapata kama 25. Matokeo yalipita hata kuzidisha. Namba ya mwisho haina uhakika kamili kwa sababu wagonjwa hawakuwa wengi, lakini mwelekeo hauna shaka: sumu na kirusi vikikutana kwenye ini moja, husaidiana. Kirusi huweka ini katika hali ya kuumia na kujijenga bila kupumzika, seli zinagawanyika mara kwa mara, na seli inayogawanyika haraka haipati nafasi ya kusahihisha kosa ambalo sumu imeliandika.

Kwa hiyo naomba msamaha kwa kuandika kana kwamba Makueni ndiyo ushahidi. Makueni ilituonyesha nyumbani kitu ambacho Shanghai ilikuwa imekipima.

---

Mwana wa Murang'a

Niongeze kipande cha historia, kwa sababu mara nyingi masimulizi haya huanzia China na Marekani, wakati baadhi ya kazi za mwanzo kabisa zilifanyika kwetu. Mwaka 1971 ulichapishwa utafiti wa Uganda uliohusisha Makerere, ambapo sampuli za vyakula kutoka sehemu mbalimbali za nchi zilipimwa aflatoksini, na ikaonekana kwamba mahali ambapo chakula kilichafuka zaidi ndipo saratani ya ini ilipokuwa nyingi. Miaka miwili baadaye watafiti Peers na Linsell wakachapisha kazi yao ya Murang'a, nchini Kenya. Wao waligawa wilaya kwa mwinuko, kuanzia nyanda za joto za chini hadi miinuko ya baridi, wakapima chakula kilichokuwa tayari kuliwa, wakakuta sumu na saratani vyote vikipungua kadiri unavyopanda mlima.

Udhaifu wa kazi hizo ulikuwa mmoja, nao hauwezi kuwa kosa lao. Walilinganisha maeneo, hawakulinganisha mtu na mtu, na kirusi cha homa ya ini B hawakukipima, kwa maana vipimo vyake ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kupatikana duniani. Walikuwa na sahani ya ugali mkononi lakini damu ya mlaji hawakuwa nayo.

---

Msomaji wa Bunju

Samahani wakuu, mimi si mtu wa sayansi. Nimepimwa nilipokwenda kuchangia damu, nikaambiwa nina homa ya ini B, na mhudumu wa kituo hicho hakunieleza zaidi ya kuniambia nisichangie damu tena. Nimesoma huu uzi mpaka namba ya 59 nikaifunga simu. Naomba mtu anieleze kwa utulivu.

---

Daktari wa Zamu

Ndugu yangu, pole, na hukustahili kuambiwa hivyo mlangoni.

Watu wengi wenye kirusi hiki hawapati saratani wala makovu mabaya. Hatua ya kwanza ni kurudia kipimo na kujua kama maambukizi ni ya muda mrefu, yaani yamezidi miezi sita. Ya pili ni kupima wingi wa kirusi kwenye damu, ALT, chembe sahani za damu na picha ya ultrasaundi, ili ijulikane kama unahitaji dawa sasa au unahitaji kufuatiliwa tu. Dawa ipo. Tenofovir, ambayo wengi wanaifahamu kwa upande wa VVU, hukizuia kirusi kuzaliana na hupunguza hatari ya makovu na ya saratani. Haikiondoi kabisa, kwa sababu kirusi hiki huacha nakala ya vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli ya ini, katika umbo la duara lililofungwa, na dawa za sasa haziifikii nakala hiyo. Watafiti wengi wa ini duniani leo wanahangaika na duara hilo. Hata mlango ambao kirusi huingilia kwenye seli ulijulikana mwaka 2012 tu, pale kundi la Li Wenhui huko Beijing lilipoonyesha kwamba ni protini ya kusafirisha chumvi za nyongo.

Mwenzi wako na watoto wako wapimwe, na wasio nacho wachanjwe. Huwezi kumwambukiza mtu kwa kula naye sahani moja, hilo liondoe akilini. Tena mwenye kirusi ndiye anayepaswa kuwa makini kuliko wote na ubora wa mahindi na karanga anazokula. Pombe iache, na usimeze mizizi ya kuchemsha ya kusafisha ini bila kumwambia anayekutibu, kwa kuwa baadhi ya mizizi hupita kwenye vimeng'enya vilevile vya P450 na tunapokea wagonjwa ambao tiba ndiyo iliyowaumiza.

---

Mchunguzi wa Sampuli

Niongezee kuhusu chanjo, kwa sababu ni hadithi nzuri. Baruch Blumberg hakuwa akitafuta homa ya ini. Alikuwa akikusanya damu za watu wa mataifa mbalimbali ili aone protini zao zinavyotofautiana, akakuta kwenye damu ya mwenyeji wa asili wa Australia protini asiyoielewa, akaitangaza mwaka 1965 kwa jina la antijeni ya Australia. Ilichukua miaka kadhaa kutambua kwamba lile lilikuwa vazi la nje la kirusi. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kipimo kile alichofanyiwa ndugu yetu wa Bunju kinatafuta protini ileile.

Kisha mtafiti Palmer Beasley aliwafuatilia wanaume 22,707 nchini Taiwan, akachapisha mwaka 1981: kati ya waliokufa kwa saratani ya ini, 40 kati ya 41 walikuwa na kirusi. Mwaka 1984 Taiwan ikaanza kuchanja watoto wachanga, kwanza wa akina mama wenye kirusi, baadaye wote. Saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilishuka kutoka 0.70 kwa kila watoto laki moja hadi 0.36 ilipofika miaka ya 1990 hadi 1994. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kirusi kubaki naye ni karibu asilimia 90; mtu mzima akiambukizwa, ni chini ya asilimia 5. Hivyo saa za mwanzo za maisha zina thamani kubwa mno.

Kwa Tanzania chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni, na ndio wengi wenye mashamba na maghala leo. Chanjo ilipunguza upande mmoja wa ile hesabu ya kuzidisha kwa watoto wetu, lakini upande wa mahindi umebaki. Mwaka 2016 wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma na Kiteto mkoani Manyara zilipata mlipuko wa sumukuvu, wagonjwa 68, vifo 20. Yaani miaka kumi na miwili baada ya Makueni, na mgonjwa anafika na macho yaleyale.

---

Mama Tumu wa Kongwa

Chemba si mbali na kwetu, na mwaka ule tuliusikia msiba huo kabla redio haijausema. Basi nisaidieni mambo mawili, maana nina magunia kumi na sita ndani. Kwanza, binti yangu ananiambia nile dona kwa afya, nanyi mnasema sumu. Pili, nitajuaje kama mahindi yamekauka? Mimi naiuma punje kwa jino.

---

Mchunguzi wa Sampuli

Mama, utafiti wa Makueni unakujibu lile la pili vizuri kuliko la kwanza. Jambo lililowatofautisha wagonjwa na wenzao lilikuwa kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba. Chakula kilikuwa haba, watu waliogopa wizi, wakayaingiza ndani kabla hayajakauka na kuyalaza chini, na kuvu alipata joto na unyevu anavyovitaka. Hata sokoni hali haikuwa tofauti: zaidi ya nusu ya sampuli zilizonunuliwa katika masoko ya eneo lile zilizidi mikrogramu 20, na asilimia 7 zilizidi 1,000.

Kuhusu dona, binti yako ana haki kwa upande wa makapi na vitamini. Lakini sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, ndiyo maana kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumu na sembe huwa na kidogo kuliko dona ya gunia lilelile. Mahindi yakiwa masafi, dona ni bora. Yakiwa na mashaka, kukoboa ni afadhali, na pumba ile usimpe ng'ombe wa maziwa. Kwa msimu ujao ulizia kwa bwana shamba habari za Aflasafe: ni punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ileile asiyetengeneza sumu, humwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, ili awahi nafasi kabla ya yule mbaya.

Na jino liache lipumzike. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, iliyokauka kabisa. Weka mahindi mpaka robo, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi ya mezani iliyokauka, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kama dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuingia ghalani. Chumvi ikibaki ikicheza chini bila kushika popote, yako tayari kuingia kwenye mfuko usiopitisha hewa.

---

Mama Tumu wa Kongwa

Nimefanya jioni hii kwa magunia matatu. Mawili chumvi imelala chini. La tatu, ambalo lilikuwa limeegemea ukuta wa upande wa mvua, chupa imekuwa nyeupe ndani kama imepakwa chokaa. Mjukuu wangu ameshalimwaga lote kwenye turubai, na kesho jua likitoka tutaanza kuchambua punje.